Nesi Akisoma Uzamili, Zahanati Inapata Nini?

Hotuba iliyotolewa Garsen mbele ya wauguzi, wanakamati wa vituo vya afya na wakazi wa Tana Delta. Tunaichapisha kwa ajili ya waliokosa kufika.



Nimeombwa niseme juu ya wauguzi kwenda kusoma shahada ya uzamili ili waje washike uongozi na usimamizi. Najua swali lililo midomoni mwa watu. Dawa hazitoshi, nesi wa zahanati ni mmoja, na nyinyi mnataka kumpeleka chuo kikuu? Ni swali la haki na nitalijibu. Lakini kwanza tutazame kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaiona nusu yake tu.

Zahanati yetu ya kawaida ni chumba cha kuzalishia, chumba cha dawa, benchi nje chini ya mti, na nesi. Akiwa na bahati, wako wawili. Mwananchi humwona kama mtu wa sindano na vidonge. Sasa mfuateni siku moja ya mwisho wa mwezi. Asubuhi ana kliniki ya wajawazito na chanjo za watoto. Kati ya mama mmoja na mwingine anachungulia jokofu la chanjo, kwa sababu joto likizidi nyuzi 8 dawa ile inaanza kuharibika, na likishuka chini ya 2 vilevile. Adhuhuri anahesabu dawa zilizobaki stoo ili agizo la KEMSA liende na hesabu ya kweli. Akikosea akaagiza kidogo, ni sisi tutakaoambiwa dawa zimeisha. Jioni anajumlisha madaftari na kujaza fomu za wizara, ile ya 711, ile ya 705, na nyingine. Takwimu hizo huingia katika mfumo wa taifa, na wale wanaogawa dawa na pesa huko Hola na Nairobi hutujua kwa takwimu hizo tu. Zahanati isiyoripoti, kwao ni kama haina wagonjwa.

Bado hatujamaliza. Huyo huyo ni katibu wa kamati ya zahanati. Ndiye anayeeleza kamati pesa zilizoingia, zilizotumika, na kwa nini choo hakijakarabatiwa. Ndiye anayepanga zamu, hata kama zamu ni za watu wawili. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba huripoti kwenye kituo chake. Na tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, madai ya malipo hupelekwa kwa mtandao; dai likiwa na kasoro, pesa haziji. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, na pamoja nayo sheria ya kuwezesha pesa zinazokusanywa na vituo kubaki vituoni na kutumika huko. Ni sheria nzuri, mimi naiunga mkono. Lakini ilipompa msimamizi wa kituo pesa, ilimpa pia bajeti, risiti na mkaguzi wa hesabu.

Kisha mto Tana unakuja juu. Ulifurika mwaka 2018, ukafurika mwisho wa 2023, na 2024 ukarudi tena na kipindupindu kikaufuata. Wakati kama huo nesi anaamua mambo ambayo hayamo katika kitabu cha uuguzi. Chanjo zihamishwe lini, kabla barabara haijakatika au baada? Mama aliyebakiza wiki mbili kujifungua akaishi na nani upande wa pili, karibu na Ngao? Mashua iliyopo ibebe dawa, au ibebe mgonjwa? Hilo ni amri ya kiongozi. Linaamuliwa na mtu mwenye umri wa miaka 27, simu haina mtandao.

Ni nani aliyemfundisha hayo? Stashahada ya uuguzi ni miaka 3 na zaidi ya kujifunza kumhudumia mgonjwa. Usimamizi umo, lakini ni somo dogo kati ya masomo mengi. Anahitimu, anasajiliwa na Baraza la Wauguzi, anaajiriwa, na pengine baada ya mwaka mmoja anakabidhiwa funguo za kituo kizima. Tunamwita msimamizi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kilianza stashahada ya juu ya uuguzi. Kusudi lake lilikuwa kupata wauguzi Waafrika wa kuongoza na kufundisha, kwa sababu nafasi hizo zilikuwa zimeshikwa na wageni na wageni walikuwa wanaondoka. Katika kizazi hicho alikuwemo Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa afisa mkuu wa uuguzi wa Kenya, na ambaye mwaka 1981 alichaguliwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Alikikalia hadi 1985. Nawaambia wasichana wa shule walio hapa mlishike jina hilo, kwa sababu katika vitabu vyenu vya historia hamtalikuta.

Baadaye, mwaka 2005, likaja jambo lililogusa wengi zaidi. Wakati huo sehemu kubwa ya wauguzi wa Kenya walikuwa na cheti tu. AMREF, Baraza la Wauguzi na washirika wao walianzisha masomo ya masafa kwa kompyuta, na lengo lilikuwa kuwapandisha wauguzi wapatao 22,000 kutoka cheti hadi stashahada bila kuacha kazi zao. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlikumbuke: bila kuacha kazi. Wako wenzetu waliosoma hivyo, mchana wodini na usiku kwenye kompyuta ya hospitali. Kwa hiyo anayesema nesi wa mbali hawezi kusoma akiwa kazini, aangalie kwanza kilichokwisha kufanyika.

Sasa, elimu hiyo inamsaidia mgonjwa au inampamba muuguzi? Utafiti upo. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, zenye wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Hospitali iliyokuwa na asilimia 10 zaidi ya wauguzi wenye shahada, uwezekano wa mgonjwa kufa ulikuwa chini kwa asilimia 7. Na kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja zaidi wa kumhudumia, uwezekano wa kifo ulipanda kwa asilimia 7 pia. Mimi huwa nataja yote mawili pamoja, maana wako wanaopenda kutaja la kwanza na kulisahau la pili. Shahada haichukui nafasi ya watu wa kutosha. Tena utafiti ule ulihusu shahada ya kwanza, kwenye wodi za upasuaji za Ulaya. Haukuhusu uzamili, na Ulaya si Kipini. Unachotuonyesha ni kwamba kichwa cha muuguzi kina uzito katika uhai wa mgonjwa. Kwa kazi ya usimamizi tunaweza kurudi nyuma kabisa, kwa Florence Nightingale mwenyewe. Watu wanamkumbuka kwa taa. Lakini alipotoka vita vya Crimea alikaa na hesabu za vifo, akaonyesha kwa michoro kwamba askari wengi waliuawa na magonjwa ambayo usafi ungeyazuia, na serikali ya Uingereza ikabadilisha hospitali zake. Hesabu zile zilifanya kazi ambayo taa isingeweza.

Nirudi kwetu, niseme wazi uzamili ni kitu gani, kwa sababu watu huzungumza juu yake kama ni kitu kimoja. Uko uzamili wa uuguzi wenyewe, kama ule wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambapo mtu huchagua tawi lake, kwa mfano ukunga, watoto, wagonjwa mahututi au afya ya jamii. Uko wa afya ya umma. Uko wa usimamizi wa mifumo ya afya, kama unaofundishwa na Chuo Kikuu cha Methodisti, KeMU. Chuo cha Strathmore kina uzamili wa biashara ulioelekezwa kwenye huduma za afya. Kwa kawaida ni miaka 2 au zaidi, masomo kwanza, halafu utafiti na tasnifu. Gharama ni laki kadhaa za shilingi, na bado kuna nauli na malazi. Anayetaka kuwa mtaalamu wa watoto wachanga asidanganywe na uzamili wa usimamizi, na anayetaka kuendesha hospitali asiende kusoma wodi ya mahututi kwa sababu rafiki yake alisoma hiyo. Nimewaona wengi wakichagua kozi kwa kufuata iliko nafasi ya kulala.

Wala si kila msimamizi wa zahanati anahitaji uzamili. Hapo natofautiana na baadhi ya wenzangu. Kwa wengi, wiki chache za mafunzo ya usimamizi zinatosha, na Chuo cha Serikali, Kenya School of Government, kina kampasi Mombasa na Matuga. Mafunzo hayo yanampa mtu bajeti, ununuzi na sheria za utumishi. Uzamili tuwawekee wale watakaosimamia vituo vingi kwa pamoja: wasimamizi wa uuguzi wa hospitali za Hola, Ngao na Bura, wale wa kaunti ndogo, na wale watakaokaa meza moja na madaktari na wahasibu kuamua ni wadi gani inapata ambulensi. Kaunti hii ina watu 315,943 kwa sensa ya 2019, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 35,000. Hatuhitaji wahitimu mia. Tunahitaji wachache, waliochaguliwa vizuri, na waliorudi.

Kurudi ndiko penye maumivu. Nesi anapewa likizo ya masomo yenye mshahara, anasoma Nairobi kwa jasho la wananchi wa Tana River, anahitimu, na mwaka unaofuata mnasikia yuko shirika fulani au yuko Uingereza. Simlaumu kwa kutafuta maisha. Lakini kaunti inayompeleka bila mkataba wa kurudi ni kama mtu anayempa mwingine ng'ombe akimaanisha kumkopesha, halafu halisemi hilo. Mkataba uandikwe, miaka ya kutumikia itajwe, na asiyeitumikia alipe gharama. Wafanyakazi wa serikali si wageni wa utaratibu huo.

Ila mkataba una pande mbili, na upande wa pili huwa hausemwi. Mtu anarudi na uzamili wa usimamizi, anakuta amepangiwa zamu ya usiku wodi ile ile aliyoiacha, chini ya msimamizi yule yule, mshahara ule ule. Anakaa miezi sita, anaanza kutafuta kazi. Hapo aliyevunja mkataba ni nani? Kabla mtu hajaondoka, Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ijue nafasi atakayorudia. Kama nafasi haipo, asipelekwe kwa pesa za umma.

Kuna mlango mwingine ambao niseme wazi umefungwa, ili mtu asiende chuoni na ndoto isiyo na njia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kama ilivyopitishwa, inataka mkurugenzi wa afya wa kaunti awe daktari aliyesajiliwa, mwenye uzamili katika taaluma ya afya na uzoefu wa miaka 5 katika usimamizi. Muuguzi mwenye uzamili huo huo na uzoefu wa miaka 20 hana nafasi hapo, kwa sababu tu si daktari. Wenzangu madaktari wana hoja zao. Maoni yangu ni kwamba sharti la uzamili na uzoefu lingetosha, na taaluma ingeachwa wazi. Hilo ni la Bunge. Hata hivyo milango iliyo wazi ni mingi: mkuu wa uuguzi wa kaunti, msimamizi wa hospitali, mkuu wa huduma za mama na mtoto, mkuu wa chanjo, mkufunzi wa vyuo. Na waziri wa afya wa kaunti hatakiwi awe daktari.

Sasa lile swali la mwanzo, nesi akiondoka zahanati inabaki na nani. Tuliona wote mwaka 2017, mgomo wa wauguzi ulipoanza mwezi wa 6 na kwisha mwezi wa 11. Zahanati yenye nesi mmoja, akiondoka, ni kufuli. Kwa hiyo nasema hivi: asiondoke. Asome akiwa kazini. Vyuo vingi sasa hufundisha wikendi, au kwa vipindi wakati wa likizo, au kwa mtandao, na KeMU ina kampasi Mombasa. Basi kutoka Garsen hadi Mombasa ni safari ya siku moja. Kwa wiki anazokuwa darasani, kaunti ipeleke muuguzi wa kushika nafasi yake, na jina la huyo wa kushika liandikwe kwenye barua ile ile inayomruhusu kusoma. Bila jina, ruhusa isitolewe. Najua wenzangu hamlifurahii sharti hili. Lakini mama wa Ozi anayeshikwa na uchungu usiku, mto umejaa, hatufanyii kazi ya shahada zetu.

Kuchagua nani aende ni jambo zito katika kaunti yetu, na tusizunguke. Hapa kuna Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wamunyoyaya, Wamalakote, Wabajuni, Wawata na wengine, na tumeona mwaka 2012 katika Delta hii chuki inafika wapi. Orodha ya masomo ikitoka kimya kimya, hata kama ni ya haki, haitaaminika. Nafasi zitangazwe, ubaoni kwenye vituo na si katika kikundi cha WhatsApp cha watu wa Hola peke yao. Vigezo vitajwe. Na miaka aliyotumika mtu vituo vya ndani ipewe alama. Aliyekaa Assa miaka 4 asishindwe na aliyekaa mjini miaka 4 kwa sababu wa mjini alikuwa karibu na ofisi.

Halafu kuna wanawake. Wauguzi wengi wanawake wa umri wa kusoma ni mama wa watoto wadogo. Fomu haiulizi hilo, lakini ndilo linaloamua. Nimesikia waume wakisema, mke wangu akipata uzamili atanisikiliza tena? Wazee mnacheka, lakini kuna waliokosa kusoma kwa ajili ya sentensi hiyo. Wenye ndugu na mashemeji, mchukueni mtoto wikendi mbili kwa mwezi. Ni mchango ambao harambee haiwezi kuuleta.

Jambo moja zaidi kwa wanaokwenda: tasnifu yenu iwe ya huku. Kuna maktaba zimejaa tasnifu za hospitali za Nairobi. Tana River ilipigwa na homa ya Bonde la Ufa mwaka 2006 na 2007, tunaishi na matende, tunaumwa na nyoka, tunafurika, tunahama na mifugo, na wanaoandika juu yetu mara nyingi ni wageni wa wiki mbili. Nani anajua kwa nini familia inayohama haimalizi chanjo, kama si nesi anayewaona wakiondoka? Andikeni hilo, halafu nakala moja ije Hola na nyingine ikae Ngao, isome na kamati.

Mfano wa uongozi wa nesi wa nchi ya wafugaji tunao. Anna Qabale Duba, wa Marsabit, mwaka 2022 alishinda tuzo ya dunia ya wauguzi ya Aster huko Dubai, dola 250,000, kwa kazi yake ya elimu kijijini kwake na ya kupinga ukeketaji na ndoa za mapema. Hakungoja cheo ndipo aongoze. Namtaja kwa makusudi, ili mtu asitoke hapa akidhani nimesema karatasi ndiyo inayomfanya mtu kuwa kiongozi. Karatasi inampa hesabu, sheria na lugha ya mezani pa bajeti.

Na tukitaja bajeti, hapo ndipo nyinyi wakazi mnapoingia. Pesa za mafunzo hazitoki hewani. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Katika kila hatua wananchi huitwa kutoa maoni, na wengi wetu hufika tukidai barabara na visima, ambavyo ni haki yetu. Mkija safari ijayo, waulizeni idara ya afya maswali matatu. Ni shilingi ngapi zimetengwa kwa mafunzo ya wauguzi mwaka huu? Ni nani walionufaika mwaka uliopita, na sasa wako kituo gani? Na zahanati yetu, nesi akiwa darasani, jina la anayeshika ni nani?

Wenzangu wauguzi, wanaotaka kuangaliwa vyeti vyao wabaki baada ya mkutano, tutakaa pale upande wa kivuli. Njooni na nakala ya leseni ya mwaka huu. Wenye mkopo wa HELB ambao haujaisha waseme mapema, kwa sababu linaathiri kama mnaweza kuomba mwingine. Maswali ya wananchi nitaanza nayo sasa, na naomba kina mama watangulie.